Shokoa ya baharini: Uingereza haikuwa na njia nyingine?

Wanaotetea jeshi la majini la Uingereza la zama za matanga wana hoja moja nzito: bila kukamata mabaharia kwa nguvu, nchi isingepona. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Vita na Ufaransa vilipolipuka mwaka 1793, manowari zilizokuwa zimelazwa bandarini zilihitaji watu mara moja, na kukunja tanga juu ya mlingoti usiku wa dhoruba si kazi ya kumfundisha mkulima kwa wiki moja. Walioijua walikuwa kwenye meli za biashara. Serikali ikawafuata hukohuko.

Walivyofuatwa ndiko kunakoumiza. Tumezoea kusikia habari za walevi wakiburutwa kutoka vilabuni, lakini sehemu kubwa walikamatiwa baharini. Meli inarudi kutoka India baada ya mwaka na zaidi, pwani ya kwao imeshaonekana, mara mashua ya manowari inaisogelea. Ofisa anapanda na kuchagua watu anaowataka. Baharia huyo hata nchi kavu hakanyagi. Mkewe anayemsubiri bandarini hawezi kuambiwa atarudi lini, maana aliyekamatwa alitumika mpaka vita viishe, au mpaka afe. Na wengi walikufa kwa maradhi kuliko kwa mizinga: malimau yalijulikana kutibu kiseyeye tangu jaribio la James Lind la mwaka 1747, lakini jeshi lilianza kuyagawa rasmi mwaka 1795.

Watetezi hujibu kwamba madaftari ya meli yamejaa majina ya waliojitolea, na kwamba nyama ya chumvi, biskuti na galoni ya bia kwa siku vilizidi mlo wa maskini wengi wa nchi kavu. Hilo la chakula nalikubali. La madaftari lina walakini: mtu aliyekwisha kukamatwa aliweza kuandikwa kuwa amejitolea, apate angalau ile pesa ya kujiunga. Hiari ya namna hiyo siihesabu.

Kinachonishawishi zaidi ni mshahara. Baharia stadi alilipwa shilingi 24 kwa mwezi tangu miaka ya 1650, na kiwango hicho hakikuguswa kwa karibu miaka 140, huku meli za biashara zikilipa mara mbili na zaidi wakati wa vita. Hata hizo 24 zilicheleweshwa makusudi ili asitoroke, na ratili yake ya nyama ilipimwa wakia 14 badala ya 16. Aprili 1797 mabaharia wa Spithead, kituo cha manowari karibu na Portsmouth, wakagoma. Wakasema wazi: Wafaransa wakitokea tutang'oa nanga, vinginevyo tulipwe kwanza. Mwezi uliofuata Bunge likapitisha nyongeza. Kumbe fedha zilikuwepo! Lazima iliyokuwa ikitajwa siku zote ilikuwa njia ya kumbebesha baharia gharama ambayo taifa zima lilipaswa kulipa. Wenzao wa Nore, kituo kingine kwenye mdomo wa mto Thames, waliodai zaidi hawakusikilizwa. Kiongozi wao, Richard Parker, alinyongwa Juni 30.

Hata kama ulinzi wa nchi, mfumo huu ulijikwaza. Mwaka 1807 manowari Leopard, ileile iliyofika Unguja mwaka 1799, iliipiga mizinga Chesapeake, manowari ya Marekani, na kuchukua watu wanne kwa madai kwamba ni watoro wa jeshi la majini la Uingereza. Ukamataji wa mabaharia ukawa miongoni mwa sababu kuu za Marekani kutangaza vita mwaka 1812, na Uingereza ikalazimika kupeleka manowari zaidi ng'ambo ya Atlantiki, nazo zikihitaji mabaharia zaidi.