Wajerumani na nukta zao, sisi na ng' yetu

Nilipofika hapa Leipzig, Ujerumani, mwalimu wetu wa Kijerumani alitukalisha karibu wiki nzima kwenye herufi moja, ü. Sema "i", alituambia, ulimi uache palepale, kisha kunja midomo kama unayetaka kusema "u". Kwa ö ni vivyo hivyo: ulimi wa "e", midomo ya "o". Darasa zima tulibinua midomo mpaka mashavu yakauma, naye hakutuachia. Schon ni "tayari", schön ni "zuri". Drucken ni kuchapa, drücken ni kusukuma, na hilo la pili utalikuta limebandikwa kwenye milango ya maduka.

Nawapenda Wajerumani kwa hili. Ile ß yao, inayosomwa kama s, ilikaa miaka mingi bila herufi kubwa iliyo rasmi, na mwaka 2017 wakaipatia. Hata mashine zinaposhindwa, wameweka utaratibu: kwenye mistari ya pasipoti inayosomwa na kompyuta, Müller huandikwa MUELLER. Nukta zimeondoka, ila ile E inakuonyesha kwamba zilikuwepo.

Jina langu la ukoo ni la Kisukuma, linaanza kwa ng'. Kwenye mistari hiyohiyo ritifaa, ile alama ( ' ) inayofuata ng, hufutwa, basi, haiachi hata kivuli. Fomu ya tiketi ya shirika moja la ndege iliwahi kunikatalia kabisa: nimetumia alama isiyoruhusiwa. Jina la babu yangu hilo.

Na sauti yenyewe Wajerumani wanayo! Singen, yaani kuimba, hutamkwa "zing'en". Finger, kidole, ni "fing'a", g haisikiki. Tatizo lao ni kwamba kwao sauti hiyo haianzi neno, hukaa katikati au mwishoni tu. Jirani yangu, bibi wa miaka sabini na kitu, alikuwa akinisalimu kwa jina lililovunjika kila asubuhi. Siku moja nikamwambia: chukua mwisho wa neno lenu lang, uulete mwanzoni. Akajaribu palepale kwenye ngazi, mara ya tatu akapata. Tangu siku hiyo hajakosea.

Kinachoniuma ni nyumbani. Kwenye simu tunaandikiana "ngombe", "kungoa jino", na mimi naulizwa habari za "ngambo". Ukisema, unajibiwa kwamba si umeelewa? Ng'ombe nitamwelewa, sawa. Lakini kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, na ngoa ni ile tamaa ambayo mtu huikata akipata alichokitaka. Hayo ni maneno mawili. Jina la mtu ndilo baya zaidi, kwa sababu halina sentensi ya kulisaidia. Asiyelijua atalisoma kama alivyolikuta. Wala sisi hatudai kitufe kipya kama wenye ü: ritifaa ipo kwenye kila simu, hata ile ya tochi.

Mwezi uliopita kaka alinitumia picha ya cheti cha mwanawe. Jina la ukoo limechapwa bila ritifaa, na shuleni wameshalinakili hivyo. Anasema ni kitu kidogo. Nimempigia mara mbili kumsihi alirekebishe kabla kijana hajaingia kidato cha kwanza, na Jumapili nitampigia tena.