Ivan Heshko alitushinda kwa akili, tumpe heshima yake

Sisi Wakenya tukitaja waliotusumbua kwenye mita 1500, tunaanza na Hicham El Guerrouj wa Morocco na mara nyingi tunaishia hapo hapo. Ivan Heshko wa Ukraine hatajwi. Kwangu huo ni uonevu, maana huyu bwana tulikutana naye mara nyingi, na hakuwa wa kuchezewa.

Machi 2004, mjini Budapest, mashindano ya dunia ya ukumbini. Fainali ilikwenda polepole mno, kila mtu akimvizia mwenzake, halafu mwishoni ikawa vita. Paul Korir wetu alishinda kwa dakika 3:52.31, Heshko akapata 3:52.34, na Laban Rotich akawa wa tatu. Kati ya dhahabu na fedha palikuwa na sekunde 0.03 tu! Miaka miwili baadaye, mjini Moscow, alikabiliana tena na Wakenya wawili mita za mwisho, na safari hii hakukubali. Alitwaa dhahabu kwa 3:42.08, Daniel Kipchirchir Komen akawa wa pili, Elkanah Angwenyi wa tatu.

Kuna wanaodai ubingwa wa ukumbini si kitu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mle ndani njia ina mita 200 tu, kwa hiyo mita 1500 ni mizunguko saba na nusu. Kona haziishi, viwiko vinagongana, na ukifungiwa upande wa ndani huna pa kupenya. Ukitaka kumpita mtu kwenye kona unalazimika kukimbia umbali zaidi yake. Mwenye miguu mizuri lakini asiyejua ajipange wapi na achomoke lini ataachwa. Komen alikuwa na kasi ya kutisha: Julai mwaka huo huo wa 2006, mjini Roma, alikimbia 3:29.02, muda ambao Heshko hakuwahi kuufikia maishani. Lakini Moscow saa haikuwa na kazi kubwa. Kazi ilikuwa kufika mbele, na Heshko aliijua kazi hiyo.

Wala asidhaniwe ni mtu wa kuvizia mbio za polepole tu. Athens 2004 alimaliza wa tano kwenye fainali ya Olimpiki, nyuma ya El Guerrouj, Bernard Lagat, Rui Silva na Timothy Kiptanui. Siku chache baadaye, mjini Brussels, akakimbia 3:30.33, rekodi ya taifa lake. Nadhani hapo alijibu swali ambalo Athens ilimwachia, kama ana kasi ya kweli. Kwenye ubingwa wa Ulaya wa 2006, Göteborg, alipata fedha nyuma ya Mfaransa Mehdi Baala.

Ila mbio zake ninazozipenda kuliko zote hata dhahabu hazikumpa. Ni Paris, Agosti 2003, mashindano ya dunia ya uwanja wa wazi. El Guerrouj alikuwa anatafuta taji lake la nne mfululizo, Baala anashangiliwa na Wafaransa wenzake, na mbio hazikuwa za kuviziana. Mmoroko akashinda kwa 3:31.77, Baala akafuata, na wa tatu, kwa 3:33.17, akawa Heshko. Jukwaani siku ile hapakuwa na Mkenya hata mmoja.