Kumsitiri mwenzako kwenye boti ya wagonjwa

Mshale wa geji ya mtungi wa oksijeni ulikuwa umelala kwenye rangi nyekundu. Tulikuwa tumeshaondoka kisiwa cha Pate, tumeingia Mkanda, ule mkondo mwembamba wa kuelekea Lamu, maji yanapwa, na nahodha amepunguza mwendo boti isije ikapanda fungu la mchanga. Mzee tuliyempakia alikuwa ameketi, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, hata maneno matatu hayamaliziki bila ya kuvuta pumzi. Nikamgeukia mwenzangu wa zamu, mtu mzima kwangu: "Ami, mtungi huu haukuangaliwa?" Akanijibu, "Uliangaliwa, mwanangu. Karatasi hiyo hapo." Na kweli karatasi ilikuwa na tiki kila mstari, na saini yake chini.

Mzee yule tulimfikisha Lamu akiwa hai. Tulimkalisha wima, tukampa dawa ya kuvuta tuliyokuwa nayo, na kile kidogo kilichobaki mtungini tukakigawa hadi gatini. Usiku ule niliamua kunyamaza. Ami ni mtu wa mtaa wetu, ana watoto wanaosoma, na mkewe ni jamaa ya mamangu. Nilinyamaza miezi miwili. Mpaka sasa naona kunyamaza kule kulikuwa na hoja zake, na naamini pia kwamba nilikosea.

Hoja ya kwanza ni sitara. Tumelelewa tukisikia kwamba anayemsitiri Muislamu mwenzake, Mungu atamsitiri duniani na akhera. Katika mji kama huu, ambapo habari ya asubuhi Mkomani imeshafika Langoni kabla ya adhuhuri, kumtoa mtu makosa yake ya kazi ni kumvua nguo yeye na watu wake. Binti yake ataposwa na nani? Swali hili halina uhusiano na oksijeni, lakini kila anayetaka kuandika ripoti hapa analifikiria, na anayesema halifikirii hajaishi kwetu.

Hoja ya pili ni uchache wa watu, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Mfanyakazi akisimamishwa, wa kujaza nafasi yake hapatikani kesho. Zamu ya usiku inabaki na mtu mmoja, na simu ikipigwa kutoka Faza au Kizingitini huyo mmoja ndiye atakayeshika machela, dripu na mkono wa mama anayelia. Mtu dhaifu kazini, watu husema, ni afadhali kuliko kiti kitupu.

Mara nyingine ni kweli. Lakini usiku ule haikuwa kweli. Mtungi wa lita 680, ukiwa umejaa, ukifunguliwa kwa lita 10 kwa dakika unakwisha kwa saa moja na dakika nane. Siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa, nahodha hulazimika kusubiri au kuzunguka, na saa moja hiyo inapita mgonjwa bado yuko majini. Kwa hiyo hata mtungi uliojaa unahitaji hesabu. Ningejua kwamba wetu unakaribia kwisha, ningeomba mwingine zahanati kabla ya kamba kufunguliwa. Tiki ile ndiyo iliyoninyima nafasi ya kuomba. Kiti kitupu kingenitia wasiwasi nikaangalia mwenyewe. Kiti kilichokaliwa na mtu niliyemwamini kilinituliza.

Sitara nayo ina mpaka wake. Aibu ya mtu inasitirika pale madhara yake yanapomrudia mwenyewe. Mzee tuliyempakia hakuulizwa kama yuko radhi kubeba gharama ya heshima ya Ami. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inahesabu huduma ya kabla ya kufika hospitali kuwa sehemu ya matibabu hayo. Huduma ya kwenye boti basi ni sehemu ya matibabu kisheria, na kwa lugha yetu ya zamani mgonjwa ni amana. Na Mtume aliyetuhimiza sitara ndiye aliyesema umsaidie nduguyo, awe dhalimu au mwenye kudhulumiwa. Alipoulizwa dhalimu asaidiwe vipi, akajibu kwamba ni kumzuia asidhulumu.

Hata hivyo siwafuati wanaosema andika ripoti mara moja, mengine baadaye. Neno "mzembe" linatolewa ovyo kazini. Anapewa mgeni asiyejua mji, anapewa kijana aliyesema kinyume na mkubwa wake, anapewa mtu aliyekesha zamu tatu mfululizo. Na hata walio dhaifu kweli hawafanani.

Nimefanya kazi na kijana mmoja, mpole, mwenye bidii, ambaye tulipompokea mgonjwa asiyepumua alishika ule mpira wa kumpulizia hewa akaubinya kama anayejaza gurudumu la baiskeli. Mtu mzima anahitaji pumzi moja kila sekunde sita hivi. Ukizidisha, hewa inaingia tumboni, matapishi yanapanda, na kifua kinachojazwa mno kinaizuia damu isirudi moyoni. Kijana hakuwa akipuuza; hofu ilikuwa mikononi mwake na hakuna aliyewahi kumsimamia. Nilimwambia, "Kakangu, nipe mimi mpira, wewe nipimie presha." Jamaa za mgonjwa walikuwa wameketi mbele yetu, na sikutaka wasikie zaidi ya hapo. Kesho yake tulikaa na mdoli wa mazoezi, yeye akihesabu kwa sauti, moja hadi sita, moja hadi sita, mpaka mkono ukatulia. Ripoti kwa mtu huyu ingekuwa dhuluma.

Tiki ya uongo ni jambo jingine. Asiyejua anafundishika kwa sababu udhaifu wake unaonekana. Anayetia saini kitu asichokitazama anauficha udhaifu mahali ambapo wenzake wote wanaegemea. Hilo msimamizi lazima alijue, na alijue kwa maandishi: siku gani, saa ngapi, mshale ulikuwa wapi, karatasi ilisema nini. Tabia ya mtu, ukoo wake na ya zamani yasiingie.

Kuna jambo moja linalonisumbua ambalo sijalipatia jibu. Mara nyingi adhabu ya ripoti huwa uhamisho. Mtu anatolewa penye macho mengi na kupelekwa zahanati ya mbali, penye wafanyakazi wawili na hakuna wa kumtazama. Anayeandika ripoti akishapumua, mama mjamzito wa kijiji kile ndiye anayepokea mzigo. Ndiyo maana naona ripoti isiishie kwenye kosa. Iseme pia mtu huyu anahitaji nini: mafunzo, msimamizi, au mapumziko.

Na kabla ya yote hayo aambiwe usoni, siku ile ile, faraghani. Hilo ndilo nililolikosa. Nilipokwenda kwa Ami baada ya miezi miwili, tukakaa kwenye baraza ya nyumba yake, nikamweleza nilichokiona na kwamba nitakiandika. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba usiku haoni tena mshale wa geji. Kwa zaidi ya mwaka amekuwa akipapasa mtungi, akiukuta mahali pake, anatia tiki. Aliogopa akisema macho yameharibika ataondolewa kwenye boti.

Niliandika hata hivyo. Saini ilikuwa yake, na mzee yule alikuwa na haki yake. Nikaandika na habari ya macho, kwa idhini yake. Alipewa onyo, akapimwa, akapata miwani. Mkewe hanijibu salamu vizuri hadi leo. Ami ananijibu, ingawa hakai tena kuongea. Tukipangwa pamoja, yeye anamulika tochi, mimi nasoma namba kwa sauti, na yeye ndiye anayeandika.