Tarehe ya Shughuli Ikisogezwa, Nani Anabeba Hasara?

Dodoma ya sasa haikaukiwi na shughuli. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge likiwa kwenye bajeti, kumbi hazishikiki. Likiahirishwa, bado kuna makongamano, mahafali na harusi za kila Jumamosi. Humo utamkuta mshereheshaji, mpiga kinanda, na mara nyingi kikundi cha ngoma ya Kigogo, akina mama na ngoma zao za muheme, kilichoitwa kumpokea mgeni rasmi. Wengi wameitwa kwa simu moja tu: Ijumaa saa mbili mfike, malipo tutaelewana.

Msanii akijibu kwamba anataka maandishi kwanza, anaonekana ana maringo. Na waandaaji wana hoja. Kamati ya harusi inapomwita msanii haina fedha, ina ahadi za michango. Wakili naye akiitwa, gharama yake inaweza kuzidi malipo ya onyesho lenyewe. Wasanii pia si malaika: yupo anayeshika shughuli mbili usiku mmoja, na kipo kikundi kilichokubaliwa watu 15 kikafika na 9. Zaidi ya hayo, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo. Karatasi ya nini, basi?

Wanaouliza hivyo hudhani tatizo ni mwandaaji tapeli anayekimbia na fedha. Huyo yupo, ila kwake ushahidi haukosekani: ukumbi mzima ulimwona msanii akitumbuiza. Kinachowaumiza wengi zaidi ni kitu cha kawaida kabisa, tarehe kusogezwa. Ratiba ya mgeni rasmi imebadilika, shughuli ya Ijumaa inahamia Jumanne, na kiongozi wa kikundi anaambiwa usiku wa Alhamisi. Hakuna aliyetumbuiza, kwa hiyo mwandaaji haoni deni.

Tuchukue kikundi cha watu 15 kutoka Chamwino, kwa 20,000 kila mmoja: shilingi 300,000. Gari limeshakodiwa na mwenye gari anataka chake. Harusi ya Ijumaa hiyohiyo ilikataliwa kwa sababu neno lilishatolewa. Na wengi wa wachezaji hao ni wakulima. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na aliyeacha palizi Februari kwa ajili ya shughuli isiyokuwepo amepoteza siku ambayo shamba halimrudishii. Jumanne ikifika, nusu yao hawapo. Hapo ndipo wanapokuja 9, na lawama inakuwa ya kikundi.

Mwenye ukumbi je? Alishachukua advansi yake, na tarehe ikivurugika harudishi. Mpishi vilevile. Sijasikia wakiitwa wakorofi.

Ile kauli ya "tutaelewana" ina hatari nyingine. Sheria hiyohiyo ya Mikataba inasema makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kujulikana ni batili. Yaani simu isiyotaja kiasi inaweza kumfikisha msanii mahakama ya mwanzo akiwa hana cha kudai. Akidai, atamdai nani? Kamati ya harusi ina mwenyekiti, mhazini na katibu, lakini wiki chache baada ya ndoa kuna sherehe ya kuvunja kamati, na deni linavunjwa nayo, tena kwa vinywaji. Lazima awepo mtu mmoja aliyeweka jina lake.

Kwa hiyo hoja ya gharama haina uzito unaopewa. Hakuna anayeomba kitabu cha kurasa ishirini. Kiasi, tarehe, saa, idadi ya watu, advansi, na mstari mmoja unaosema kikundi kinabaki na nini shughuli ikiahirishwa chini ya siku tatu kabla. Hata ujumbe wa simu uliojibiwa "nimekubali" una nafasi, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua kama ushahidi. Mwandaaji naye analindwa: idadi ya watu ikiwa imeandikwa, anayeleta pungufu hana pa kujificha.

Ninapowaelewa waandaaji zaidi ni hapa: wanakubaliana na kiongozi wa kikundi, si na wachezaji. Taasisi ikilipa zile 300,000, ikikata kodi ya zuio ya asilimia 5, zinafika 285,000, na kule Chamwino wengine wataamini kiongozi amekula 15,000. Mwandaaji hawezi kuyatatua hayo ya ndani. Ila karatasi inayotaja kiasi kabla na baada ya kodi inaweza kusomwa kwa sauti mbele ya wote kabla hawajapanda gari, na hiyo ni kazi ya kiongozi mwenyewe.