Ua la Mvua za Kwanza: Dodoma Halipo, au Halijatazamwa?

Mvua za kwanza zikishanyesha huku kanda ya kati, mwishoni mwa Novemba au Desemba, kwenye vivuli vya vichaka na kando ya vichuguu huchomoza ua jekundu la mviringo juu ya bua moja, mara nyingi kabla majani yake hayajakunjuka. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Ni mmea wa asili wa Afrika, kuanzia Senegal hadi Somalia na kusini mpaka Afrika Kusini. Linaloniumiza kichwa ni sehemu yetu ya ramani hiyo: Dodoma ihesabiwe kuwa ni pengo, yaani mahali ambapo mmea huu hauoti?

Wanaosema ni pengo wana hoja. Mmea huu hupenda kivuli na udongo wenye unyevunyevu, nasi tunapata milimita 500 hadi 600 tu za mvua kwa mwaka, zote katika msimu mmoja. Tena vichaka vimefyekwa sana. Kongwa, mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulileta matrekta yaliyong'oa mpaka mizizi, na mahali pa namna hiyo sitarajii kitunguu cha ua kubaki salama.

Hata hivyo, ukame peke yake haunishawishi. Kitunguu hicho kimeumbwa kwa ajili ya kiangazi: hulala ardhini miezi kadhaa, kikasubiri. Ua lenyewe hudumu wiki moja au mbili hivi, na ni wakati uleule ambapo barabara za vijijini zimegeuka tope na kila mwenye jembe yuko shambani. Ramani huchorwa kwa sampuli zilizokusanywa, na mkusanyaji akipita Agosti haoni kitu. Kukosekana kwa sampuli kunaweza kutueleza zaidi kuhusu safari za watu kuliko kuhusu mmea.

Kwa hiyo penye mashamba ya trekta nakubali pengo. Kwenye vichaka vya Itigi, kwa jirani zetu wa Singida, na miteremko ya milima ya Mpwapwa sikubali mpaka pakaguliwe mvua zinapoanza. Jambo hili ni la haraka. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, viwanja vinapimwa kila upande, na tathmini ya mazingira ikifanywa kiangazi itaandika kwa nia njema kabisa kwamba hapa hapana kitu. Ukiliona, piga picha, andika tarehe na kijiji, uzipeleke Hebaria ya Taifa (hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa), Arusha. Usiling'oe, kitunguu chake kina sumu.