Kijivu changu kilivyoumbuka Mwaloni

Kuna mama mmoja anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nilimtengenezea tovuti na kiukweli nilijiona fundi, picha kubwa ya machweo ziwani, maandishi membamba ya kijivu juu ya nyeupe, yaani nikaiweka hadi stetasi. Siku ya kumkabidhi nikamkuta katikati ya viroba, saa saba mchana, jua la utosi. Akaishika simu, akaizungusha, akaikinga na kiganja, mwisho akaniambia, "Mwanangu, mbona haijawaka?"

Ilikuwa imewaka bana.

Ndo nikaenda kusoma WCAG, ile miongozo ya kufanya tovuti itumike na kila mtu hata asiyeona, ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ambayo miaka yote nilikuwa naiona ya wanasheria wa huko Ulaya, kumbe toleo la kwanza lipo tangu 1999. Inataka maandishi ya kawaida yawe na kontrasti, yaani tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake, ya 4.5 kwa 1 au zaidi, makubwa 3 kwa 1. Kijivu changu, kwa kodi ya rangi #999, kwenye nyeupe, hata 3 hakifiki! Nikakikoleza hadi #767676 kinachopita chupuchupu, nikarudi nacho juani, bado tia maji, nikaona isiwe tabu nikahamia bluu nzito. Kwa hiyo hicho kiwango ni cha chini kabisa, Mwaloni inataka zaidi.

Ila kilichoniuma ni binamu yangu, yeye haoni, simu anaisikiliza. Templeti niliyopakua ilikuja na lang="en", ile alama inayotaja lugha ya ukurasa, na mimi sikuigusa, sasa simu ikaambiwa huu ukurasa ni wa Kiingereza, ikamsomea "bei ya gunia" kama mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege leo asubuhi. Tulicheka, halafu nikaona aibu. Kuibadilisha ni herufi mbili tu, sw. Na batani ya kuagiza nilikuwa nimeweka kipicha cha kikapu bila jina lolote, kila akigusa anasikia "batani" halafu kimya, aagize nini hapo?

Sasa madizaina wenzangu hapa mjini wanasema viwango vinaua ubunifu, na mimi nabisha. Mwaka 2003 Dave Shea alianzisha CSS Zen Garden, HTML, yaani maudhui na muundo wa ukurasa, ni ileile moja, watu wanaleta CSS zao tu, yaani rangi na mpangilio, na kurasa zilizotoka pale huwezi kuamini ni ndugu. Mifupa ile ile, nguo tofauti. Nakubali kuna sehemu panabana, maandishi juu ya picha ya machweo yalinitesa siku mbili nzima, na mama picha yake anaipenda hataki itoke, mwishowe nikalaza kivuli cheusi chini ya maneno na wallahi ikapendeza kuliko mwanzo. Ila wanaomtoza mteja hela ya ziada eti ya "ufikivu", yaani tovuti itumike na kila mtu, hao siwaelewi, ni sawa na fundi akujengee nyumba halafu mlango akuambie ulipie pembeni.

Wiki iliyofuata nikarudi Mwaloni, saa saba ile ile kusudi. Mama akaishika simu mkono mmoja, hakuikinga wala nini, akasoma kimyakimya kidogo, akanirudishia.

"Hii bei ni ya mwezi uliopita," akasema. "Badilisha."