Mweka Hazina Asiye na Hazina

Jamani, ukiona mtaa mzima unakupigia makofi, kimbia. Mimi walinipigia, eti "huyu ndiye mwaminifu", nikatoka mkutanoni na cheo: mweka hazina wa kamati ya wakazi, hapa hapa Isevya, Tabora. Mshahara hakuna. Nikakabidhiwa kaunta buku, kitabu cha stakabadhi na kalamu isiyoandika.

Kazi yenyewe ni kukusanya elfu tano kila nyumba kila mwezi, mlinzi alipwe na taka zizolewe. Basi. Sasa nenda kadai! Mwenye nyumba anakwambia mdai mpangaji. Mpangaji anasema imo kwenye kodi. Nyumba ya tatu anatoka mtoto: "Mama kasema hayupo." Na huyo mama namsikia uani anakaanga dagaa wa Kigoma, harufu mpaka barabarani.

Halafu siku ya mkutano, nani wa kwanza kunyoosha mkono? Huyo huyo mama. "Mwenyekiti, tusomewe mapato na matumizi. Hela zetu zinakwenda wapi?" Zetu! Nikasoma: filimbi ya mlinzi, betri za tochi, mkokoteni wa taka, soda moja ya fundi aliyefunga taa ya kona. Weee! Soda ile ilijadiliwa kuliko mshahara wa mlinzi. Kwa nini soda, maji hakuna? Alikunywa yote? Chupa iko wapi? Tangu hapo nikivaa hata shati la mtumba nasikia nyuma yangu, "hela za kamati hizo, zimeanza kupendeza."

Mvua za Novemba nazo zinakuja na kesi ya maembe. Mti uko kwa mzee, matawi yako juu ya bati la jirani. Embe likidondoka ni la mzee, bati likitoboka ni la kamati. Tukamwendea kwa adabu zote, shikamoo mzee, tunaomba upunguze matawi. Akatutazama. "Reli ya Mjerumani inafika hapa 1912 mwembe huu unazaa. Kamati yenu imezaliwa lini?" Tukanyamaza. Katibu akaandika "ajenda imeahirishwa", na mfuko wake wa koti umevimba maembe, nimeyaona.

Barua ya kujiuzulu nimeshaandika. Lakini katiba yetu inataka ipokelewe na mkutano wenye akidi, yaani nusu ya kaya, na akidi haijatimia tangu siku ile ya makofi. Nikamwuliza mwenyekiti tufanyeje. Akasema rahisi tu, watu watajaa kukiwa na pilau. Kwa hiyo nipite nyumba kwa nyumba, nichangishe hela ya pilau.